Ndoo ya Mfadhili na Ndoo Zetu: Makampuni na Bustani za Ukingo wa Bahari

Na mwandishi wetu, Kiamunyi, Nakuru

Sisi tunaoishi Kiamunyi tuna ziwa, lakini hatuna ukingo wa ziwa. Ukisimama mahali palipoinuka utaliona Ziwa Nakuru likimeta kwa mbali, na hapo ndipo tamaa inapokomea. Ziwa lile lilitengwa kuwa makao ya ndege mwaka 1961, na mwaka 1968 likawa hifadhi ya taifa. Lina uzio, lina lango, na langoni pana tiketi. Silalamiki, kwani uzio ule ndio unaowalinda vifaru na ndege wasidhuriwe. Lakini mama mwenye watoto wanne, anayetaka kuketi saa moja tu baada ya Alasiri apate upepo wa maji, hana njia ya kulifikia ziwa la mjini kwake pasi na kulipa.

Ndiyo maana kila likizo tunapoteremka Mombasa kuwaamkia jamaa, watoto huniuliza swali moja kabla hata ya kuvua viatu: "Babu, Mama Ngina tunakwenda lini?"

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa Mama Ngina. Wazee walipajua kwa jina la Azania, na wengi hadi leo hupaita Lighthouse kwa ajili ya mnara wa taa uliopo hapo. Ni ukingo wa kisiwa penye mibuyu mikongwe, ambapo meli zinazoingia Kilindini hupita karibu mno hata watoto huwapungia mkono mabaharia. Mwaka 2019 Serikali Kuu, kupitia Wizara ya Utalii, iliukarabati upya ukingo ule, eneo la ekari 26, kwa gharama iliyotajwa kuwa shilingi milioni 460. Sherehe za kitaifa za Mashujaa za tarehe 20 Oktoba mwaka huo zilifanyika hapo hapo. Tangu wakati huo familia zimeongezeka. Utamkuta bibi ameketi na buibui lake akimenya chungwa, mabinti wanakula mihogo na viazi karai, na vijana wamesimama kuutazama mkondo wa maji.

Mara ya mwisho tulipokuwa pale, mjukuu wangu wa kike, mwenye umri wa miaka tisa, aliniuliza: "Babu, hapa ni pa nani?"

Nikamjibu: "Ni pa watu wote, mjukuu wangu."

Akafikiri kidogo, kisha akasema: "Mbona siku ile tulifukuzwa kule kwengine, na pia ulisema ni pa watu wote?"

Hakukosea. Mwaka mmoja kabla yake niliwachukua watoto wa madrasa, thelathini na kitu, pamoja na mama zao, hadi bustani moja ya umma katika mji ambao sitautaja. Tulikuwa tumekodi matatu, na akina mama walikuwa wameamka alfajiri kupika pilau. Tulipofika langoni, mlinzi alitupokea kwa adabu: "Shikamoo, Sheikh. Samahani, leo bustani ina wenyewe." Kampuni moja ilikuwa imeikodi kwa siku nzima kuzindua bidhaa yake. Tukala pilau letu kando ya barabara, moshi wa magari ukitupitia. Mmoja wa akina mama aliniambia: "Ustadh, sisi tulidhani wenyewe ndio sisi."

Maneno ya mama yule ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Serikali za kaunti na mabaraza ya miji, si hapa kwetu tu bali duniani kote, zinayaalika makampuni kuzidhamini bustani za umma, hasa zile za ukingo wa maji zinazotembelewa na watu wengi. Kampuni hutakiwa ilipie mabenchi, miti, taa, uwanja wa michezo ya watoto au tamasha la siku ya sikukuu. Badala yake jina lake huandikwa kwenye benchi, kwenye lango, au hata bustani nzima ikaitwa kwa jina hilo. Je, sisi familia tulipokee vipi jambo hili?

Kwanza tuseme haki. Kujenga bustani ni kazi ya mwaka, lakini kuitunza ni kazi ya kila siku. Utepe ukishakatwa, zinabaki balbu za kubadilisha, mifereji ya kuzibua, vyoo vya kusafishwa, nyasi za kukatwa na mishahara ya walinzi wa usiku. Bajeti ya umma ina hospitali na barabara za kuhudumia, na mara nyingi bustani husubiri mwisho wa foleni. Mama aliyewahi kumpeleka mtoto wake choo cha umma kisicho na maji anajua maana ya kusubiri huko. Kwa hiyo anayejitokeza kusaidia asifukuzwe kwa dhana mbaya tu.

Lakini tuwatofautishe watu wawili ambao siku hizi tunawachanganya. Mfadhili hutoa kwa hisani, na malipo yake ni shukrani. Mdhamini wa kibiashara hutoa ili apate, na anachokitafuta ni macho yetu na ya watoto wetu. Biashara ni halali, wala hilo si aibu. Ila anayekuja kununua, mwenye mali hana budi kujua anauza nini na anabakisha nini.

Dini yetu ina mfano ulio wazi katika hili. Waislamu walipohamia Madina, kisima cha Ruma kilikuwa mali ya mtu aliyeuza maji yake. Mtume (S.A.W.) akawahimiza masahaba wake apatikane wa kukinunua, kwa sharti kwamba ndoo ya mnunuzi iwe sawa na ndoo za Waislamu wengine. Sayyidna Uthman bin Affan akakinunua na kukitoa wakfu. Tazama sharti lile. Aliyetoa mali yake yote ile hakupewa foleni yake peke yake, wala siku yake ya kufunga kisima. Na hadi leo watu hukiita kisima cha Uthman. Jina lilikuja lenyewe, kwa shukrani za watu.

Wala kutajwa jina si haramu. Katika Suratul Baqara, aya ya 271, Mwenyezi Mungu anatufundisha kwamba sadaka ikidhihirishwa ni jambo jema, na ikifichwa wakapewa mafakiri ni bora zaidi. Kibao kidogo kinachosema nani ameotesha mti hakimdhuru mtu, na huenda kikamtia hamu mwengine naye aoteshe wake. Tatizo huanza pale jina linapokuwa kubwa kuliko mti.

Hapa Afrika Mashariki tunao mfano mzuri, nao ni Forodhani ya Unguja. Zamani za Sultani Khalifa bin Haroub bustani ile iliitwa ya Jubilii. Ilipochakaa, Shirika la Utamaduni la Aga Khan liliingia makubaliano na Serikali ya Zanzibar, likaikarabati kwa zaidi ya dola milioni 2, pamoja na ukuta wa bahari, taa, njia na mabenchi. Ilifunguliwa upya tarehe 30 Julai 2009. Aliyekwenda jioni hii atawakuta wauzaji wa mishkaki, urojo na maji ya miwa, na atawakuta watoto wakijirusha baharini. Ukimwuliza yeyote uko wapi, atakwambia Forodhani. Fedha nyingi ziliingia, na jina la mahali halikutoka.

Mfano wa pili ni wa mbali, mji wa Chicago nchini Marekani. Karibu na ufuo wa Ziwa Michigan ilifunguliwa mwaka 2004 bustani iitwayo Millennium Park, iliyogharimu takriban dola milioni 475, sehemu yake ikitoka kwa matajiri na makampuni. Ni bustani nzuri, na kuingia ni bure. Lakini ndani yake daraja lina jina la kampuni ya mafuta, na maonyesho yana jina la kampuni ya ndege. Mwezi Septemba 2005 kampuni ya magari ya Toyota ililipa dola 800,000, ikaikodi bustani kwa siku nzima kwa ajili ya wageni wake, na wananchi wakazuiwa. Watu wa Chicago walikasirika kama alivyokasirika mama yetu wa pilau. Kumbe donda ni moja.

Mfano wa tatu unatuhusu Wakenya sote. Vilabu vyetu vikubwa vya mpira, Gor Mahia na AFC Leopards, vilitegemea udhamini wa kampuni ya kamari, SportPesa. Kodi ya kamari ilipopandishwa hadi asilimia 35 mwanzoni mwa mwaka 2018, kampuni ikatangaza kuondoa udhamini wake nchini. Baadaye ikarudi kwa vilabu hivyo, na mwaka 2019 ikaondoka tena baada ya leseni yake kukwama. Vilabu vikabaki vikihangaika kwa mishahara na nauli. Tunapata mafunzo mawili hapo. Kwanza, aegemeaye nguzo moja huanguka nayo. Pili, kwa miaka ile yote watoto wetu walivaa jezi zenye jina la kamari vifuani mwao, nasi tukaona ni mpira tu. Qur'ani katika Suratul Baqara, aya ya 219, haikukanusha kwamba ulevi na kamari vina manufaa kwa watu, lakini imetufahamisha kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Benchi zuri ni manufaa. Lakini likiwa limeandikwa jina la kamari, mtoto anayejifunza kusoma atalisoma jina hilo kila jioni.

Sheria za nchi nazo zimechora baadhi ya mipaka. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 inapiga marufuku udhamini unaoitangaza tumbaku. Sheria ya mwaka 2012 imezuia kutangazwa kwa bidhaa zinazotumiwa badala ya maziwa ya mama, jambo ambalo kila mama anayenyonyesha anapaswa kulijua, kwani bustani ni mahali panapokutanika wazazi wachanga. Na Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kusimamia bustani, fukwe na mahali pa mapumziko, pamoja na kudhibiti mabango ya matangazo ya nje. Kwa hiyo mlango wa kubisha hodi kwa mengi ya haya ni wa kaunti.

Basi ikiwa kesho kaunti yako itatangaza kwamba inatafuta wadhamini wa bustani ya ukingo wa maji, haya ndiyo ninayoona tuyadai, na tuyadai kabla ya mkataba kutiwa saini.

La kwanza, lango lisifungwe. Mdhamini akitaka kufanya hafla, apewe kipembe chake na saa zake, na njia ya watu ibaki wazi. La pili, jina la mahali lisiuzwe. Mdhamini apate kibao cha kiasi, na bango lake lisizibe bahari ambayo ndiyo iliyowaleta watu. La tatu, bidhaa zinazodhuru mwili au akili za watoto zisipewe nafasi, hata zikileta fedha nyingi zaidi. La nne, mkataba uwe na mwisho unaojulikana, na wadhamini wawe wengi wadogo badala ya mmoja mkubwa, ili akiondoka mmoja taa zisizimike. La tano, fedha zitumike hapo hapo bustanini, na hesabu zibandikwe langoni. La sita, mama muuza mihogo na madafu asiondolewe ili mdhamini auze soda yake. Mama yule alikuwapo kabla ya bango, na watoto wake wanasoma kwa karai lile.

Aidha, tumwombe mdhamini yale yasiyopigwa picha. Wengi hupenda kujenga chemchemi yenye taa za rangi. Waambiwe kwamba familia zinahitaji choo safi cha wanawake chenye maji, mahali pa kutawadhia, kivuli cha kuketi wazee, na taa za kutosha ili binti arudi salama baada ya Magharibi. Anayelipia mfagiaji kwa mwaka mzima ametoa zaidi kuliko anayejenga lango.

Mtu anaweza kusema: "Sheikh, sisi akina mama nani atatusikiliza?" Nami najibu kwamba sheria inakulazimu usikilizwe. Ibara ya 201 ya Katiba inataka uwazi na ushirikishwaji wa wananchi katika mambo ya fedha za umma, na ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Ibara ya 35, pamoja na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, inampa kila raia haki ya kuomba habari iliyo mikononi mwa serikali, na ofisi inapaswa kujibu ombi ndani ya siku 21. Barua ya ukurasa mmoja, iliyoandikwa kwa Kiswahili chako na kutiwa saini na akina mama wa darsa la Ijumaa, inatosha kuuliza: nani anaidhamini bustani yetu, kwa kiasi gani, kwa muda gani, na amepewa nini? Weka nakala yenye muhuri wa ofisi, na uhesabu siku.

Huku kwetu Kiamunyi hatuna bahari ya kugombania. Lakini mjini Nakuru, uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, tunayo Nyayo Gardens katikati ya mji, na jiji likikua wadhamini watakuja. Nimewaambia akina mama wa madrasa yetu tusingoje siku ile tutakapokuta lango limefungwa na pilau li mikononi.

Nilimjibu mjukuu wangu baadaye, tukiwa njiani kurudi. Nilimwambia mahali pakiwa pa watu wote, watu wote lazima wapachunge, la sivyo patapata mwenyewe mmoja. Akaniuliza kama yeye pia ni katika watu wote. Nikamwambia ndiye wa kwanza.

Mwenyezi Mungu awalipe kheri wanaotoa kwa ajili ya raha ya waja Wake, na atujaalie sisi tunaopokea tuwe waangalizi wema wa tulichopewa. Amin.