KUFICHA SI KUTUNZA: SAA ZETU NYUMBANI



Marehemu baba yetu alituachia saa tano hapa Mazinde: mbili za mkono za kutia ufunguo, moja ya mfukoni yenye mnyororo, moja ya mezani, na moja ya mkono iendayo kwa betri. Alizikusanya polepole, moja baada ya moja, kwa jasho lake. Alipofariki tukazitia zote katika mkebe wa biskuti, tukauweka juu ya kabati, tukasema zimehifadhika. Masika mawili yakapita. Siku tulipoufungua ule mkebe, ukanda wa ngozi ulikuwa umeota ukungu, betri imevuja na kuila saa kwa ndani, vioo viwili vimekwaruzana, na ile ya mfukoni imeshikwa na kutu. Hakuna mwizi aliyeingia. Sisi wenyewe ndio tulioziharibu, kwa kudhani kwamba kuficha ni kutunza.

Basi twapenda kuwaeleza wenzetu tuliyojifunza baada ya hasara ile.

Saa ina maadui wake, na mji wetu unao wote. Mazinde iko chini ya milima ya Usambara, katika mashamba ya mkonge. Wakati wa kiangazi upepo huleta vumbi hata ndani ya masanduku. Na ifikapo masika, kati ya Machi na Mei, unyevu huingia kutani. Saa nyingi za zamani za kutia ufunguo hupiga mapigo 18,000 kwa kila saa moja, yaani 432,000 kwa usiku na mchana. Chombo kiendacho mbio namna hiyo hutegemea mafuta kidogo sana. Vumbi likichanganyika na mafuta hayo huwa kama msasa, na unyevu ukigusa chuma huleta kutu. Adui wa tatu ni sumaku. Saa ikilazwa juu ya spika ya redio au ya televisheni, utepe mwembamba wa ndani hushikwa na sumaku, na saa ikaanza kukimbia bila ya sababu ijulikanayo.

Kwa hiyo kwanza chagua mahali. Pasiwe jikoni, wala karibu na chumba cha kuogea, wala dirishani penye jua, kwani jua hufifisha uso wa saa na kukausha ngozi. Ukuta wa ndani ni bora kuliko ukuta unaopigwa na mvua. Tazama pia paa lililo juu ya mahali hapo, maana nyumba ikiwa mbovu kilichomo nacho hakina salama. Ndugu zetu wa Unguja wanalijua hilo. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuja kuwa na mnara wa saa uliotazamwa na kila apitaye Forodhani. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo iliporomoka pamoja na mnara wake, na watu wawili wakafariki dunia.

Pili, tafuta bweta la mbao kavu lisilonuka rangi mbichi. Ligawe vyumba vidogo na kutandika kitambaa laini, ili kila saa ilale peke yake. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja katika maboksi ya viatu, usivitupe. Tia kimoja au viwili humo, na uvibadilishe kila masika. Kabla ya kuiweka saa, ipanguse jasho kwa kitambaa kikavu. Za kutia ufunguo zitiwe mara moja kwa mwezi, taratibu, bila ya kulazimisha. Za betri ambazo hazivaliwi zitolewe betri.

Hapa akina mama na akina baba tusikilizane vizuri. Betri ya saa ni ndogo na yang'aa, na mtoto huidhani peremende. Akiimeza na ikakwama kooni, yaweza kumchoma ndani katika muda wa saa mbili tu. Asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja. Pia saa nyingi za kung'aa gizani zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa radiamu. Hata kama hazing'ai tena, miali yake yenye madhara ingalipo, kwani radiamu hupungua nusu yake katika miaka 1,600. Saa ya namna hiyo usiifungue wala kuikwangua, na usiiweke kitandani kwa watoto.

Je, mtu asionyeshe vitu vyake vizuri? Aonyeshe, ila kwa adabu. Kabati la vioo lenye kufuli, lililo mbali na dirisha la njiani, latosha kwa saa mbili tatu ambazo mgeni atazifurahia. Zile za thamani kubwa zibaki ndani ya bweta. Kujionyesha humwita mwizi, na hapo kabla huwa kumekwisha uharibu moyo wa mwenyewe. Ikiwa mna saa ya dhahabu, mwanamume asiivae. Na mwenyewe amwulize shehe wake habari ya zaka, kwani kiwango cha dhahabu ni gramu 85 hivi.

Mwisho, weka daftari. Andika jina la mtengenezaji, nambari iliyochorwa mgongoni, mwaka ulioipata, na mkono uliokupa. Ambatisha na picha. Daftari likae mbali na bweta. Saa ikiibiwa, utakuwa na ushahidi. Siku utakapoitwa na Mola wako, warithi watajua kilichopo, wasigombane kwa dhana. Sisi ndugu wanne tulikaribia kukosana juu ya saa ya mfukoni, kwa kuwa kila mmoja alisema aliahidiwa yeye, na hapakuwa na mwandiko hata mstari mmoja.

Ile ya mezani fundi aliweza kuiponya. Haikurudi mkebeni. Iko sebuleni ndani ya kabati, yaenda, nasi twaitazama kila tukingojea adhuhuri. Enyi vijana wetu, simu zenu hutaja saa bila ya kutiwa ufunguo. Lakini hamtarithi humo mkono wa babu. Mwenyezi Mungu ameapa kwa wakati katika Sura ya Al-Asr. Basi chombo kinachotukumbusha wakati nacho chastahili tukitazame kila mara, tusikifiche na kukisahau.

Wabillahi tawfiq.