Kansa ya Taya kwa Watoto: Jicho la Mzazi Ndilo Kipimo cha Kwanza

Kansa ni jina moja la magonjwa mengi. Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, nazo seli hugawanyika kwa utaratibu maalumu: mtoto hukua, jeraha hupona, na ngozi iliyochakaa hupata nyingine badala yake. Utaratibu huo ukiharibika katika seli moja, seli hiyo huendelea kugawanyika bila kikomo, na wazao wake hufanya uvimbe au huenea katika viungo vingine.

Watu wengi hudhani kwamba maradhi haya ni ya wazee peke yao. Sivyo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watoto na vijana wapatao 400,000 hupatwa na kansa kila mwaka. Katika nchi tajiri, zaidi ya 80 katika kila 100 hupona. Katika nchi nyingi zenye kipato kidogo, wanaopona hawafiki 30. Upungufu wa dawa na wataalamu ni sababu mojawapo ya tofauti hiyo. Sababu nyingine ni siku zinazopotea kati ya dalili ya kwanza inayoonekana nyumbani na sindano ya kwanza inayotolewa hospitalini. Hayo yanadhihirika wazi katika kansa moja ambayo Afrika ya Mashariki inaifahamu kuliko sehemu nyingi za dunia, yaani uvimbe wa Burkitt.

Ugunduzi uliofanywa kwa kutazama na kuuliza

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, Daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, amtazame mtoto wa miaka mitano. Taya za mtoto huyo zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Jambo hilo lilikuwa la ajabu, kwani jipu la jino huvimbisha upande mmoja tu. Wiki chache baadaye Burkitt alikwenda hospitali ya Jinja, akamwona kwa dirishani mtoto mwingine mwenye uso uliovimba vivyo hivyo. Alipompima alikuta na uvimbe tumboni. Aliporudi Mulago alipekua kumbukumbu za wagonjwa, akatambua kwamba uvimbe wa taya na uvimbe wa tumbo, uliokuwa ukihesabiwa kuwa magonjwa mbalimbali, ulikuwa ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 alichapisha habari za watoto 38.

Ndipo ikafuata kazi ya kuuliza. Burkitt alituma maswali kwa mamia ya hospitali barani Afrika. Mwaka 1961, pamoja na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson, alisafiri kwa gari kuukuu muda wa wiki kumi, kilomita zipatazo 16,000, kutoka Kampala kupitia Kenya na Tanganyika hadi Afrika Kusini. Katika kila hospitali waliuliza kama watoto wa namna hiyo walikuwa wameonekana. Majibu yalipochorwa katika ramani, yalionyesha ukanda mpana. Karibu na Ikweta uvimbe huu haukuonekana sana katika nchi za juu zaidi ya meta 1,500. Na kadiri walivyokwenda kusini, mpaka huo ulishuka chini. Kwa hiyo kilichouzuia ugonjwa si kimo chenyewe bali baridi. Hali kadhalika, ulikuwa adimu katika sehemu kavu. Penye joto na mvua ndipo ulipokuwapo, na hapo ndipo pia penye mbu wa malaria.

Virusi, malaria na seli iliyopotoka

Mwezi Machi 1964 wanasayansi watatu waliofanya kazi London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza kwamba wameona virusi katika seli za uvimbe zilizopelekwa kwa ndege kutoka Kampala. Virusi hao, waliopewa jina la Epstein-Barr, ndio wa kwanza kuhusishwa na kansa ya binadamu.

Hata hivyo, virusi hao peke yao hawatoshi kuleta ugonjwa. Karibu watu wote duniani huambukizwa nao kwa njia ya mate, na katika Afrika watoto wengi huwapata wakiwa wadogo sana, bila madhara. Kuanzia mwaka 1972 damu ya watoto wapatao 42,000 ilichukuliwa katika eneo la West Nile, Uganda, kwa ridhaa ya wazazi wao, ikahifadhiwa. Wale wachache waliougua baadaye walionekana kuwa tangu mwanzo walikuwa na kingamwili nyingi dhidi ya virusi hao kuliko wenzao.

Malaria nayo huongeza hatari. Mtoto anayeumwa malaria mara kwa mara huchochewa kuzalisha seli nyeupe za kinga kwa wingi, huku ulinzi wake dhidi ya virusi ukilegea. Katika wingi huo wa seli, kipande cha kromosomu ya nane huweza kukatika na kuungana na kromosomu nyingine, mara nyingi ile ya kumi na nne. Jeni iitwayo MYC, ambayo kazi yake ni kuiamuru seli igawanyike, hapo hujikuta mahali pasipo na kizuizi. Kati ya mwaka 1977 na 1982 watoto wa Mara Kaskazini, Tanzania, walipewa vidonge vya klorokwini ili ionekane kama uvimbe utapungua. Ulipungua kweli, lakini kwa kuwa ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya vidonge, jaribio hilo halikuhesabiwa kuwa ushahidi kamili.

Maelezo haya yana maana kubwa kwa jamaa za mgonjwa. Uvimbe wa Burkitt hauambukizi; ndugu wanaweza kula na kulala pamoja na mgonjwa. Haurithiwi kutoka kwa baba wala mama. Tena hakuna haja ya kumtafuta mchawi, wala ya mama kujilaumu.

Yanayotokea nyumbani

Njia wanayopitia wazazi wengi hufanana. Ugonjwa huu huwapata zaidi watoto wa miaka minne hadi saba, na dalili yake ya kwanza mara nyingi ni jino kulegea. Kwa kuwa umri huo ndio wa kung'oka meno ya utotoni, hakuna anayeshtuka. Jino hung'olewa, lakini uvimbe haupungui. Mtoto hupewa dawa ya jipu, na shavu huzidi kuvimba. Jamaa wengine hushauri chale au majani ya kukanda. Hatimaye baba huuza mbuzi ili apate nauli ya kwenda hospitali kubwa, na wiki kadhaa zimekwisha kupita.

Wiki hizo ni ghali mno. Seli za uvimbe huu ni miongoni mwa seli za kansa zinazogawanyika upesi kupita zote, na huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa siku moja au mbili. Mwanafunzi anaweza kufanya hesabu: kikundi cha seli kinachoongezeka maradufu kila siku mbili, bila seli yoyote kufa, kitakuwa kimeongezeka mara 128 baada ya siku kumi na nne. Katika mwili seli nyingi hufa njiani, lakini hesabu hiyo inaeleza kwa nini shavu lililovimba kidogo Jumapili huonekana tofauti Jumapili inayofuata.

Wepesi huo wa kugawanyika ndio pia udhaifu wa uvimbe huu. Dawa za kansa huua zaidi seli zilizo katika kugawanyika, na uvimbe huanza kunywea kwa siku chache. Baadhi ya watoto waliotibiwa katika miaka ya 1960 kwa dozi chache tu walipona kabisa, na mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha matibabu haya, ambacho ni chanzo cha Taasisi ya Kansa ya Uganda.

Lakini hapo ndipo penye mtego wa pili. Mama aonapo shavu la mwanawe limerudi kama zamani, huku nyumbani shamba linangoja na watoto wengine wako kwa bibi yao, huona kwamba kazi imekwisha, naye huondoka. Seli zilizobaki hazionekani kwa macho. Ugonjwa ukirudi, aghalabu huingia katika majimaji ya ubongo na uti wa mgongo, na kuutibu huwa kazi ngumu zaidi. Kupona kwa uso si kupona kwa mwili. Dawa hutolewa kwa awamu, kwa wiki nyingi, na kila awamu ni ya lazima.

Dalili za kuangaliwa

Mtoto apelekwe hospitali bila kukawia aonekanapo na mojawapo ya dalili hizi:

1. Magego au meno kadhaa kulegea pamoja, huku ufizi au taya ikivimba.
2. Uvimbe wa shavu usiopungua baada ya jino kung'olewa au baada ya dawa.
3. Jicho kusukumwa nje.
4. Tumbo kuvimba au kuwa na kitu kigumu upande mmoja.
5. Miguu kuishiwa nguvu ghafla, au mkojo kuziba.
6. Mboni ya jicho kung'aa nyeupe, au makengeza yaliyoanza karibuni.
7. Homa, weupe wa viganja, michubuko au kutoka damu kusiko na sababu inayojulikana.

Dalili hizi si hukumu. Nyingi husababishwa na maradhi mengine, na daktari pekee ndiye awezaye kuthibitisha kansa, mara nyingi kwa kuchukua kipande cha uvimbe na kukichunguza kwa hadubini.

Dalili ya sita inahitaji maelezo, kwani ni ya kansa nyingine, iitwayo retinoblastoma, inayoanzia katika ukuta wa ndani wa jicho, kwa kawaida kabla ya mtoto kutimiza miaka mitano. Tofauti na uvimbe wa Burkitt, hii huweza kurithiwa. Mwaka 1971 Mmarekani Alfred Knudson alieleza kwamba nakala mbili za jeni moja lazima ziharibike ndipo ugonjwa utokee. Mtoto aliyezaliwa na nakala moja mbovu huwa karibu na hatari. Mzazi mwenye jeni hiyo mbovu humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu. Kwa hiyo akipatikana mgonjwa mmoja, ndugu zake wadogo nao wapimwe macho, hata kama hawalalamiki.

Wajibu wa shule

Mwanafunzi wa sekondari huenda akawa ndiye mtu pekee nyumbani aliyewahi kusoma habari za seli. Tena yeye ndiye anayeoga, kula na kucheza pamoja na wadogo zake, hivyo huona mapema jino lililolegea au mboni iliyobadilika. Mwalimu wa baiolojia aweza kulifanya somo la kugawanyika kwa seli kuwa na manufaa nje ya darasa kwa kufundisha dalili hizi saba pamoja nalo, na kuwataka wanafunzi wazieleze nyumbani kwa wazazi, kwa bibi na kwa majirani.

Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2018 mpango wa kuhakikisha kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau watoto 60 katika kila 100 wenye kansa duniani wanapona. Uvimbe wa Burkitt na retinoblastoma zimo katika kansa sita zilizowekwa mbele katika mpango huo, kwa sababu zote mbili hutibika zikiwahiwa. Hospitali haiwezi kumtibu mtoto ambaye hajafikishwa. Atakayemfikisha ni yule anayemwona kila siku, mradi ajue anachokitazama.