Filamu inakatika? Angalia ukuta mbele ya kulaumu rezo

Mpofi, kati ya Masisi na Walikale, mutu akiona filamu inakwama kwenye televizyo, analaumu rezo. Lakini kama filamu iko tayari ndani ya simu, rezo ya kampuni haina kazi hapo. Zima kwanza mega, kisha ufungue pataji ya simu. Televizyo yenye wifi inaingia ndani, na picha inapita mu nyumba tu. Hata unite moja haitoke.

Sasa kuta. Mbao zinaacha mawimbi yapite. Manjanja inayarudisha nyuma, na udongo wenye kulowana unayameza. Mwenye kuzungusha nyumba na manjanja juu ya wezi (tunamuelewa) amejifungia wifi inje. Basi simu ikae juu, fasi wazi, si nyuma ya masufuria. Kama mashini inakupa kuchagua, gigaherzi 5 ni ya mbio lakini ya chumba kimoja, 2.4 inavuka kuta muzuri zaidi.

Starlink? Serikali iliikataza mu Machi 2024, ikairuhusu mu Mei 2025. Lakini pano ndogo ya kuchaji simu haiwezi kuibeba.

Kwa sauti, Bluetooth inatosha, karibu mita 10, na inakula batri kidogo. Usiku masasi ikilia, hakuna mwenye kutoka kutafuta rezo kilimani. Habari iliyochukuliwa muchana, simu moja na baffle moja: nyumba yote inasikia, na mulango umefungwa.