Picha ya mwandishi: jipige mwenyewe, ila jipange kwanza

Leo naongea na wale wenye hadithi na mashairi yaliyolala kwenye madaftari. Siku mswada wako ukikubaliwa, mchapishaji atakuomba maelezo mafupi kukuhusu na picha. Hapo ndo wengi tunakimbilia paspoti saizi, ile umekodoa macho kama umekamatwa na sungusungu.

Rafiki yangu mmoja wa Igoma alituma ya WhatsApp. Kitabu kilipotoka, uso wake nyuma ya jalada ulikuwa vimiraba vitupu. Mama yake akauliza, "Sasa huyu ni nani?" Nakala zilishachapwa, basi tena.

Msidhani ni mambo ya kujishaua. Mzee Aniceti Kitereza wa hapo Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ikaja kutoka kwa Kiswahili mwaka 1980, na 1981 akafariki. Mimi nikishika kitabu kile nataka kuiona sura ya mtu aliyengoja miaka 35. Na wewe kuna mtu atataka kuiona yako.

Tuanze na mwanga, maana ndo kila kitu. Mwanza tuko karibu sana na Ikweta. Saa 6 mchana jua liko utosini, macho yanakuwa mashimo na pua inatupa kivuli mdomoni. Piga saa 1 mpaka saa 2 asubuhi, au saa 11 na nusu jioni kuendelea. Ila jioni usizubae, huku kwetu jua likishazama giza linaingia fasta. Ukikosa muda huo, kaa ndani karibu na dirisha au mlangoni, uso uelekee nje. Hiyo ni studio ya bure kabisa.

Sasa ziwa. Najua unataka Jiwe la Bismarck nyuma yako, kila mtu anataka. Tatizo kamera inaona maji na anga vinawaka, inapunguza mwanga, wewe unabaki kivuli. Gusa uso wako kwenye kioo cha simu, halafu ongeza mwanga. Zamani ilikuwa balaa zaidi: filamu za Kodak zilipimwa rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke wa kizungu, ndo maana albamu za wazee wetu zina watu weusi wanaoonekana meno tu. Mi nakushauri jiwe liache, tafuta ukuta wa rangi moja uliopoa. Anayeuzwa pale ni wewe, sio Capri Point.

Usinyooshe mkono kujipiga. Simu ikiwa karibu pua inavimba, masikio yanakimbia. Iegemeze kwenye tofali au mafungu ya vitabu, usawa wa macho, weka taima ya sekunde 10, rudi nyuma kama hatua mbili. Tumia kamera ya nyuma, kwa kawaida ndiyo nzuri. Piga hata 40, hakuna anayekudai filamu. Na futa kioo cha kamera jamani, mafuta ya sato hayo!

Dada zangu hasa: nyumba yenu, namba ya mlango, bango la mtaa, visionekane. Zima na ile sehemu ya simu inayorekodi mahali ulipo.

Kwenye kutuma, wachapishaji wengi hutaka nukta 300 kwa inchi. Picha ya inchi 2 kwa 3 basi ni pikseli 600 kwa 900, simu nyingi zinazidi hapo mbali. Kinachoua ni kukata kipande kidogo cha picha ya harusini, au WhatsApp kuibana. Tuma kwa imeili, au kwa WhatsApp kama dokumenti. Ukitumia kompyuta ya kafe, picha usiiache kwenye deskitopu, na imeili toka kabisa. Futa mpaka kwenye kapu la taka.