Mlio wa Shaba: Kwa Nini Tarumbeta Humsisimua Msikilizaji

Siku za Jumamosi, barabara itokayo Moshi kupitia Himo hadi Marangu hupitwa na magari yaliyobeba wapiga matarumbeta wa arusi. Mtu aliye mbali, kihambani kwake ng'ambo ya korongo, husikia kwanza mdundo wa ngoma kubwa, kisha uvumi mzito wa ala ya besi. Matarumbeta yenyewe huyasikia kwa unyonge, kana kwamba yamefunikwa blanketi. Lakini gari likiisha kukata kona na kumwelekea, sauti hufunguka ghafula, mwili ukamsisimka, na watoto wakakimbilia barabarani. Wapigaji ni wale wale, na huenda hawakuongeza pumzi hata kidogo. Yafaa basi kuuliza ni kitu gani kilichobadilika.

Ala za kupulizwa kwa midomo si ngeni Afrika ya Mashariki. Siwa mbili mashuhuri za pwani, ile ya shaba ya Lamu na ile ya pembe ya ndovu ya Pate, hufuata kanuni ile ile ya tarumbeta. Katika Kilimanjaro, historia ya ala za kigeni za shaba imefungamana sana na Kanisa. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika huko mwaka 1893, na baada yao ukafuata utamaduni wa Kijerumani wa kwaya za tarumbeta, ambazo hupiga sauti nne za wimbo mahali pa waimbaji. Hata leo zimo sharika za Dayosisi ya Kaskazini ya KKKT zenye vikundi vya namna hiyo. Njia ya pili ni ya kijeshi, na huonekana katika magwaride ya Chuo cha Polisi mjini Moshi. Matarumbeta ya arusi yamechota kutoka pande zote mbili.

Wengi hudhani kwamba siri ya mlio wa kusisimua ni wingi wa wapigaji. Hesabu haikubali. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hicho hupanda taratibu sana kwa kulinganisha na nguvu inayotumika. Tarumbeta la pili likiongezwa kando ya la kwanza, nguvu ya sauti huwa maradufu, lakini kipimo hupanda kwa desibeli 3 tu. Ili sikio lione kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu, huhitajiwa ongezeko la desibeli 10 hivi, maana yake wapigaji 10 mahali pa mmoja. Shule inayotaka kununua matarumbeta manne zaidi ili bendi yake "ivume" ingefanya vema kuitafakari hesabu hiyo kabla ya kutoa fedha.

Siri yenyewe imo ndani ya bomba. Katika ala zote za jamii hii, chanzo cha sauti ni midomo ya mpigaji, ambayo husukumwa na pumzi ikafunguka na kufunga mara nyingi kwa sekunde. Mpigaji wa tarumbeta la kawaida, ambalo bomba lake likinyoshwa hufikia urefu wa meta 1.4 hivi, akitoa mojawapo ya noti za chini, midomo yake hufunguka mara 233 hivi kila sekunde. Hiyo ndiyo sauti ya msingi. Pamoja nayo huzaliwa sauti tanzu zenye mitetemo 466, 699, 932 na kuendelea, kila moja ikiwa kizidisho cha ile ya msingi. Mpigaji akipuliza polepole, sauti tanzu za juu huwa hafifu, na tarumbeta hulia kwa upole kama filimbi. Akipuliza kwa nguvu, sauti tanzu za juu hukua upesi kuliko ile ya msingi. Tarumbeta hubadilika tabia: mlio huwa mkali, wenye kung'aa, na sikio hutambua mara moja kwamba hiyo ni shaba.

Mwaka 1996 A. Hirschberg na wenzake watatu walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba ndani ya tromboni inayopigwa kwa nguvu sana huzaliwa mawimbi ya mshtuko, ya jamii ile ile ya yale yatokanayo na ndege ipitayo kasi ya sauti. Jambo hilo lahitaji maelezo. Hewa iliyobanwa kileleni mwa wimbi ina joto zaidi, na tena yenyewe inasogea mbele. Kwa sababu hizo mbili, kilele hukimbia upesi kuliko bonde la wimbi. Katika mazungumzo ya kawaida tofauti hiyo ni ndogo mno, haina maana. Lakini katika bomba jembamba, refu, ambamo wimbi zito haliwezi kutanuka, kilele huzidi kulisogelea bonde lililo mbele yake, mpaka uso wa wimbi ukawa wima kama ukuta, mfano wa wimbi la bahari linapokaribia kuvunjika ufukoni. Wimbi la umbo hilo limejaa sauti tanzu za juu, nazo nyingi huangukia kati ya mitetemo 2,000 na 5,000 kwa sekunde, pale ambapo sikio la binadamu ni jepesi kuliko popote.

Ala ambayo bomba lake hupanuka mfululizo tangu mwanzo haifanyi hivyo kwa urahisi, maana wimbi hutanuka na kupungua nguvu kabla uso wake haujawa wima. Johannes Kuhlo (1856–1941), mchungaji aliyekuwa kiongozi mashuhuri wa kwaya za tarumbeta huko Ujerumani, alipendelea flugelhoni, yenye bomba la namna hiyo, kwa kuwa alitaka ala zifuate uimbaji wa binadamu. Sikio lake lilichagua barabara.

Sasa tunaweza kurudi kwenye kona ya barabara. Sauti yenye mitetemo 100 kwa sekunde ina wimbi la urefu wa meta 3.4, nayo huzunguka nyumba na migomba bila taabu. Sauti yenye mitetemo 3,000 ina wimbi la sentimeta 11 tu, karibu sawa na upana wa kinywa cha tarumbeta. Hiyo hutoka ikiwa imeelekea mbele kama mwanga wa kurunzi, na hewa yenyewe huidhoofisha upesi zaidi safarini. Ndiyo maana ngoma hutangulia kusikika, na mng'aro wa shaba humfikia yule tu aliyeelekewa.

Vikundi vya ngoma na tarumbeta vya Marekani, ambavyo tangu 1972 hushindana katika mashindano ya Drum Corps International, huitumia kanuni hiyo kwa makusudi. Wapigaji huweza kupiga polepole wakiwapa watazamaji kisogo, kisha wote wakageuka kwa hatua moja na kuinua ala zao kuelekea jukwaani huku wakipuliza kwa nguvu. Ukimya uliotangulia ni sehemu ya mlio, kwa kuwa sikio hulinganisha sauti na ile iliyoitangulia. Bendi inayovuma tangu mwanzo hadi mwisho haina kilele.

Raha hiyo ina gharama, nayo hulipwa kwanza na vijana walio ndani ya bendi. Katika kila sikio mna chembe zenye vinyweleo zipatazo 15,000 zinazopokea sauti, na zikifa hazioti tena. Kwa kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi, desibeli 85 huvumilika kwa saa 8 kwa siku, na kila ongezeko la desibeli 3 hupunguza muda huo kwa nusu. Desibeli 100 basi huruhusu dakika 15 tu. Karibu na kinywa cha tarumbeta kiwango hicho hupitwa kwa urahisi, na anayeumia zaidi mara nyingi si mpigaji mwenyewe bali yule aliyeketi mbele yake. Mahali pa wazi, umbali ukiwa maradufu sauti hupungua kwa desibeli 6, hivyo kuisogeza safu ya nyuma kutoka meta 1 hadi meta 2 kuna faida kubwa bila gharama yoyote. Kufanyia mazoezi uwanjani ni bora kuliko ndani ya darasa lenye kuta tupu, ambamo sauti hurudi tena na tena.

Mwalimu asiye na tarumbeta aweza kuchukua kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, chenye urefu wa meta 1.5, akaingiza faneli upande mmoja na kutetemesha midomo upande wa pili. Mwanafunzi mmoja apulize bila kubadili nguvu, huku akiizungusha faneli polepole. Wenzake wasimame duara, hatua 20 kutoka kwake, na kila mmoja aandike ni wakati gani mlio ulikuwa mkali na ni wakati gani ulibaki uvumi.