Baba Anaposafiri Jangwani kwa Pikipiki

Dada mpendwa, mume wangu aliponieleza kwamba yeye na wenzake wangesafiri kwa pikipiki kutoka Isiolo hadi Moyale, karibu kilomita 500, nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kumfungia mizigo.

Barabara hiyo sasa ni ya lami, lakini ukiisha kupita Marsabit inakata jangwa la Dida Galgalu, uwanda wa mawe meusi ya volkano usio na kivuli. Upepo hukausha jasho kabla msafiri hajahisi kulowa, naye hajui kwamba anapoteza maji. Basi asingoje kiu; asimame mara kwa mara anywe, wala asivue koti la mikono mirefu.

Nilimpimia pia sukari na chumvi katika vifuko. Kila lita moja ya maji safi hutiwa vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vipimo vya kusawazisha.

Niliwaonya wote: mwenzao akianza kuyumba na kusema ovyo, mwili ukiwa moto sana, hiyo ni hatari ya kifo. Wamtengenezee kivuli kwa turubai, wamvue koti, wammwagie maji na kumpepea, huku wakitafuta gari la kumkimbiza hospitali. Akizimia, wasimnyweshe kitu.

Alirudi salama, midomo imepasuka, vifuko vyote vitupu.

Hajiri alilia jangwani maji ya kiriba yalipokwisha, Mungu akamwonyesha kisima. Tuombe, dada, lakini kiriba tukijaze nyumbani.