Mkono unaochelewa kunyooka mkutanoni

Kabla mkutano mkuu wa kijiji haujafunguliwa, chini ya mti ni Kisukuma kitupu. Salamu za "Mwangaluka" zinapishana, bei ya pamba inachambuliwa, kina mama wanajibizana kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine. Kisha mtendaji anasoma ajenda kwa Kiswahili, na nusu ya waliokuwa wakisema wananyamaza. Nimehudhuria mikutano ya namna hii Bariadi, na ukimya huo sijauzoea.

Si kwamba Kiswahili hawakijui. Kimekuwa lugha ya kufundishia shule zetu za msingi tangu 1967. Lakini kuelewa ni jambo moja, kusimama mbele ya kijiji kizima ni jingine. Aliyezaliwa na lugha hutafuta hoja tu. Asiyezaliwa nayo hutafuta hoja, kisha maneno, kisha ujasiri; na akishavipata vyote vitatu, mwenyekiti amekwisha kusema, "Kuna swali? Hakuna. Tunaendelea."

Kuchelewa huko hakuko kwetu tu. Mwaka 2009 watafiti walipima, katika lugha 10 duniani, muda unaopita kati ya swali na jibu. Wajapani walikuwa wepesi kuliko wote, karibu bila kupumua. Wadenmark walichukua takriban nusu sekunde. Mgeni aliyejifunza Kijapani kwa miaka bado hukuta zamu imeshachukuliwa. Tena msikilizaji wa Kijapani hudondosha "hai" mfululizo kumaanisha "nakusikia", naye mgeni akadhani amekubaliwa.

Hilo la "hai" Bariadi tunalijua. Afisa ugani anasema "viuatilifu", vichwa vinatikisika, "eee" inasikika kila kona, naye anaandika kwamba wakulima wameafiki. Wakulima wenyewe kitu hicho wanakiita dawa. "Eee" ile ilikuwa ya adabu.

Linaloniuma zaidi ni kicheko. Kisukuma hakina sauti ya "r", kwa hiyo mama anasimama kutaka jambo lipigiwe kura, na kinachomtoka ni "kula". Vijana waliosoma mjini wanaangua kicheko, mama anakaa, na siku hiyo hasemi tena. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji ipate idhini ya mkutano mkuu kabla ya kugawa ardhi. Aliyekalishwa na kicheko amenyimwa sauti yake juu ya shamba analolima.

Mambo hugeuka wazee wanaporudi kwenye Kisukuma. Sasa mgeni ni mtendaji aliyetoka Tanga: Kisukuma kina irabu saba badala ya tano za Kiswahili, na kupanda au kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno. Hata aliyejifunzia Mwanza hupata kazi, maana Wasukuma wa Ntuzu, yaani huku Bariadi, husema "gi" pale ambapo wenzao husema "ki". Ukishuka Meatu wapo Wahadzabe na Wataturu, ambao kwao Kisukuma na Kiswahili ni lugha za watu wengine.

Nani basi abebe mzigo? Wajapani walijiuliza baada ya tetemeko la Kobe la Januari 1995, wakazi wa kigeni waliposhindwa kuelewa matangazo ya uokoaji. Wanaisimu wao walianzisha Kijapani chepesi, cha sentensi fupi na maneno ya kila siku, na leo halmashauri nyingi za miji hukitumia. Mwenye lugha ndiye aliyetakiwa kujifunza upya kuisema.

Nimemwona mwenyekiti mmoja akifanya la kwake bila kufundishwa na yeyote. Alisoma hoja ya mipaka ya malisho, akasema, "Geukianeni kwanza, mzungumze." Uwanja ukavuma kwa Kisukuma kwa dakika kama kumi. Aliporudi kuuliza, mikono ilinyooka hadi nyuma kabisa, walikokaa kina mama. Mmoja akasimama na mtoto mgongoni, akasema njia ya ng'ombe kwenda lamboni isifungwe kabla watu hawajapiga kula.

Mtendaji akaandika "kura" kwenye muhtasari, akainua uso. "Endelea, mayu."